Severina Aulizwe Mwenyewe

Kizwite, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kile kifua kimeachia? Mdogo wangu Lusajo aliniambia bado unakohoa lakini umekataa kukaa ndani. Tafadhali, migomba waachie wengine kwanza. Mimi ni mzima. Baridi ya huku tumeshazoeana, nalala na sweta, na ugali wa ulezi niliokuwa naulalamikia siku hizi nisipoupata nanuna.

Leo nataka nikusimulie habari za Severina, yule fundi cherehani kiziwi ninayefanya naye kazi kibanda kimoja. Lugha ya alama aliisoma shuleni, nami kanifundisha yeye huku tunashona, mpaka sasa tunawateta wateja mbele ya macho yao.

Kuna kijana wa Kirando, Deogratias, analeta dagaa mjini. Alikuja kupunguziwa suruali, akarudi na nyingine, kisha akarudi na ile ile ya kwanza. Nikamwambia Severina, "Huyu hana shida ya suruali." Akanijibu anajua, tusimharakishe.

Basi wakapendana, mimi nikiwatafsiria, mpaka posa ikaletwa kijijini kwao Severina. Severina akaniomba niende nikamtafsirie. Baba yake alishafariki, kwa hiyo msemaji ni baba mkubwa wake, mzee mkali kidogo lakini ndiye aliyemlea. Mshenga akaeleza kilichowaleta. Desturi unaijua, binti huitwa akaulizwa kama wageni anawafahamu na kama wapokelewe. Tukiwa bado mlangoni, mzee akasema, "Huyu hasikii, hana haja ya kuulizwa. Nimeshamjibia. Tumewapokea."

Vigelegele vikapigwa. Severina akanivuta kitenge, nikamweleza kilichosemwa. Mama, yule dada alitembea mpaka katikati ya sebule akasimama. Kelele zikakatika. Akaanza kuongea kwa mikono, nami natafsiri; maneno ni yake lakini wazee wananikodolea macho mimi.

"Shikamooni. Baba mkubwa, asante kwa kunilea. Lakini anayeolewa ni mimi, na sijaulizwa. Na wewe Deo, nakupenda. Ila kila unachotaka kuniambia unampa Atupele huyu hapa aniambie. Tukibaki wawili ndani, nitaongea na nani? Jifunze, uje uniulize mwenyewe. Leo sijibu."

Mama yake Deo akanyanyuka. "Twendeni. Tumekuja kuchumbia, hatukuja shule."

Baba mkubwa akanigeukia. "Wewe, umetafsiri sawasawa?"

"Ndiyo baba. Na ukali kidogo nimeupunguza."

Deo ndiye aliyetuokoa. Alisema taratibu, "Mama, amesema kweli," kisha akaaga kwa heshima. Hata hivyo njiani Severina alilia sana. Alidhani ndiyo basi tena.

Lakini siku chache baadaye Deo akaja kibandani akiwa mikono mitupu, hana cha kushonesha, akavuta kigoda akaketi mbele ya Severina. Tangu hapo, kila akishusha mzigo sokoni anakuja kujifunza, toka mahindi yakiwa mabichi mpaka yakavunwa. Vidole vyake vizito, Mama! Siku moja alitaka kusema amemletea dagaa, akasema jambo ambalo siwezi kukuandikia wewe mzazi wangu. Severina alicheka mpaka akalalia cherehani.

Baada ya mavuno akina Deo wakarudi kijijini, na mama yake naye alikuja, amenuna. Mshenga akaanza upya maelezo yake, akamgeukia baba mkubwa apate jibu. Mzee akatikisa kichwa.

"Msiniulize mimi. Mwenye jibu yuko pale."

Deo akasimama mbele ya Severina, akamuuliza kwa mikono yake. Mimi sikuhitajika. Alikosea mara kadhaa, akarudia. Severina alimwacha amalize, ndipo akamjibu. Sebule nzima ikanigeukia kutaka kujua amejibu nini. Nikasema, "Muulizeni Deo."

Deo machozi yanamtoka na huku anacheka. Akamgeukia mama yake kwanza, akasema, "Amekubali."

Gauni la harusi Severina analishona mwenyewe, na mkasi amenikataza kuugusa. Mama, nimefanya kazi na watu wengi, lakini kama huyu sijamwona.

Nisalimie bibi, na shangazi anayekuletea maziwa, na Lusajo asiache kunipigia. Jifunike vizuri usiku.

Ni mimi binti yako,
Atupele