Nimewafuta Maharusi Ubaoni

Chumba cha nyuma,
Juu ya duka la fundi viatu,
Jumapili, tarehe 9, asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naanza na goti, maana wengine wakikuuliza najua unasema halikusumbui. Bado linakaza ukipanda ngazi? Ule mkanda niliokutumia unaufunga, au umeshaugeuza wa kufungia mlango wa kabati? Nakufahamu. Na usingizi je, unapata? Mimi niko salama, nakula, nalala, kikohozi kile kimekwisha. Nimekonda kidogo, ila si kwa kukosa chakula, kwa hiyo usianze kuwatangazia watu kwamba nateseka.

Barua yako nimeipata. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, na mara zote mbili imenichoma. Unataka nimwombe radhi Mkuu wa maabara, nirudi kazini, nisimharibie mwanao nafasi ya kupata dawa. Shangazi, wewe ndiye uliyenilea tangu sijui kufunga kamba za viatu, na sijawahi kukukatalia jambo kwa maandishi. Leo nakukatalia. Radhi siombi. Lakini sitaki uninunie bila kujua kisa chenyewe, basi kaa, weka mguu juu ya kiti, unisome mpaka mwisho.

Mara ngapi umeniuliza nafanya nini siku nzima mbele ya kompyuta, nikakujibu "utafiti", ukaguna? Sasa nakueleza. Protini ni uzi mrefu wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, vimeungana kimoja baada ya kingine kama shanga, na kila kimoja tunakipa namba yake kuanzia mwanzo wa uzi. Mwilini uzi huo haukai umenyooka. Unajikunja na kujiviringisha mpaka kipande cha mwanzoni kinajikuta bega kwa bega na kipande cha mbali kabisa. Kugusana huko ndiko kunakoishikilia protini isifumuke. Kazi yangu ilikuwa kuchukua umbo la protini nzima, kupima umbali kati ya kila kipande na mwenzake, na kusema nani anamgusa nani. Ni umbea, Shangazi, ila umbea wa kupimwa kwa rula.

Protini tunayoishughulikia ni ileile iliyoharibika kwa mwanao, inayoifanya misuli yake ilegee hata akipanda ngazi mbili tatu. Kwa wenye ugonjwa wake, kipande namba 88 kimebadilika. Mkuu alikuwa amegundua kabla sijafika kwamba 88 anagusana na 212. Akasema 88 akibadilika, mshiko unalegea, protini inafumuka, na misuli nayo inachoka. Ikatengenezwa dawa ya kupenya kati ya hao wawili na kuwashikanisha tena. Hiyo ndiyo dawa ambayo mwanao aliandikishwa kuijaribu.

Pale maabara kuna desturi. Karibu na mlango kuna ubao mweupe, na mtu akigundua mguso mpya anaandika namba zake kwa kalamu nyekundu, sote tunampigia makofi. Hakuna anayeruhusiwa kufuta ila aliyeandika. 88 na 212 walikaa juu kabisa, wamezungushiwa duara, na Mkuu aliwabatiza jina la Maharusi. Mgeni akija, hata kabla ya kuonyeshwa choo kiko wapi, anapelekwa kwanza kuwaona Maharusi. Mimi nilipofika niliwapiga picha nikakutumia, ukaniuliza kama nimeanza kucheza bahati nasibu.

Sasa kosa lenyewe. Ili kuliona umbo la protini, tunaifanya iwe fuwele, mfano wa chembe ya chumvi, halafu tunaipiga eksirei. Ndani ya fuwele hakuna protini moja, kuna nakala zake nyingi mno, zimepangwa zimebanana kama matofali ukutani. Kwa kubanana huko lazima nakala moja iguse mgongo wa nyingine, lakini mwilini haziishi hivyo, kila moja iko kivyake majini. Programu yetu ya kupima ina mahali pa kuchagua, upime ndani ya protini moja tu, au uwahesabu na majirani wa kwenye fuwele. Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, anasema waliwahi kuchagua majirani wakitafuta jambo lingine kabisa, na hakuna aliyekumbuka kuiondoa alama ile. Jibu lilitoka zuri, sasa nani angeuliza?

Mimi nilikuwa nachora mchoro wa makala yetu. Nilitaka mstari mfupi kutoka 88 hadi 212 ndani ya protini moja, na mstari ukakataa kuwa mfupi. Ulikatiza protini nzima, toka upande huu hadi upande ule. Nikajua nimekosea mimi. Nikarudia, nikarudia tena kwa programu nyingine, kisha nikatafuta fuwele nyingine ya protini ileile iliyopangika vingine, na humo Maharusi hawagusani kabisa. Bwana harusi alikuwa wa nyumba hii, bibi harusi wa nyumba ya jirani, wamepakana ukuta tu! Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikamkumbuka mwanao, kicheko kikaniishia.

Nilimwendea Mkuu kwa adabu zote ulizonifunza. Nilifunga mlango, nikamwonyesha. Hakubisha, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alivua koti, akaligeuza umbo kwenye kioo kwa mkono wake mwenyewe, akatazama weee, kisha akaniambia taratibu, "Binti yangu, haya tutayarekebisha baadaye. Makala inangojwa, wagonjwa wameshaandikishwa. Ukitikisa sasa, tunaanguka wote." Nikamuuliza dawa itashika nini ikiwa hapo katikati hakuna kitu. Akasema zipo dawa zinazofanya kazi bila mtu kujua sababu. Ni kweli, zipo. Ila hii yetu, tulipoijaribu kwenye vichupa vya maabara, ilikuwa inasaidia leo, kesho inagoma, na kila ikigoma tulijipa moyo kwamba Maharusi wapo.

Kisha akaniahidi jina la pili kwenye makala, mradi Alhamisi nisimame kikaoni niieleze kazi ile kama ilivyo. Jina la pili, Shangazi, kwa mtu wa cheo changu! Nilijua ninazibwa mdomo, na kwa kitambaa cha hariri.

Alhamisi nilisimama kweli. Nikaweka umbo la protini moja ukutani, nikaligeuza polepole ili kila mtu aone 88 yuko wapi na 212 yuko wapi. Miwani, ambaye kwenye korido alikuwa ameniambia niko sahihi, alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shati kwa bidii, nikahofia vioo vitatoboka. Basi nikaenda ubaoni, nikachukua kitambaa, nikawafuta Maharusi, duara na vyote.

"Rudisha," Mkuu akasema.

Nikamwambia sirudishi.

"Basi rudisha ufunguo."

Nikauweka mezani, nikashuka ngazi.

Siku ileile nilimwandikia daktari anayesimamia majaribio ya dawa. Nilimpa michoro yote na namna ya kurudia vipimo mwenyewe, ili asiniamini kwa maneno matupu. Amesimamisha kila kitu mpaka wapime upya. Hizo ndizo habari zilizokufikia huko, na waliokuletea wakaongeza chumvi kwamba nimefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Nimefukuzwa, ndiyo. Kazi sina, na masomo yangu yananing'inia kwa saini ya mtu asiyetaka kuniona. Hayo nayajua kuliko wao. Lakini utovu wa nidhamu sikubali. Huo ungekuwa kusimama pale nimepiga pasi shati, nikiwauzia watu uongo, tena wagonjwa. Nikirudishwa Alhamisi ile, nafuta tena, na safari hii nafuta kwa maji.

Usidhani nimekaa kulia. Kompyuta yangu kuukuu iko kwenye meza ya chumba hiki. Fundi anagonga soli huko chini, nami nagonga vitufe huku juu. Ikipata moto naisogeza dirishani ipoe, kisha tunaendelea. Napima migusano yote upya, ndani ya protini moja, bila jirani hata mmoja. Pembeni mwa 88 nimewaona wawili wanaomgusa kweli, wadogo, hawana makeke. Kama watafaa kwa dawa yoyote sijui bado, na nikiulizwa nitasema sijui. Juzi Miwani alikuja na mfuko wa machungwa na vipimo vyake vyote. Hakuniomba msamaha, nami sikumchimba. Tulipima pamoja mpaka umeme ukakatika, na alipoondoka aliniachia hata kisu cha kumenyea.

Sasa nifike kwenye lile neno lako lililonikata maini. Uliandika kwamba nimemfungia mwanao mlango. Shangazi, najua ulikuwa umeshamwona akitembea bila kushika ukuta. Na mimi nilimwona hivyohivyo. Unadhani kwa nini niliiomba kazi ile, nikaacha nyingine zilizokuwa na viti vya kuzunguka?

Lipo ambalo yeye hajakuambia, na amenipa ruhusa nikuambie mimi. Ijumaa alinipigia simu. Nilijiandaa kutukanwa, nikaona bora nikae kitandani kabisa. Hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, ungekuwa ndiyo mimi, ungeimeza?"

Nikamwambia nisingeimeza.

Akasema, "Basi na mimi siimezi. Hata wakinifuata kesho asubuhi. Ila kwa mama utanisemea wewe, mimi kichwa changu bado nakihitaji." Akakata simu, mwoga yule. Nililia, sikufichi. Nililia kwa sababu hakuna kitu duniani ningependa zaidi ya kumjibu kwamba ningeimeza.

Kwa hiyo Shangazi, ukikaa tena kuandika barua ya kugombeza, iandike ya watu wawili. Mkorofi mmoja yuko huku juu ya duka la fundi viatu, na wa pili yuko chumba cha pili kutoka jikoni kwako, amejifanya amelala.

Nisalimie Baba, mwambie nitampigia akishapoa. Msalimie Babu wa Redio na umwambie apunguze sauti. Mapacha wa Mjomba wapige busu la utosini, na wasikubali kusomeshwa hesabu na baba yao. Na huyo aliyejifanya amelala mpe mkono wangu, umwambie vipimo vinaendelea.

Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake, akuondolee hofu usiku, akuache nasi miaka mingi ya kutugombeza.

Mimi mtoto wa kaka yako,
nikupendaye hata ukininunia.