Majina Niliyomwitia Mtoto wa Ekai

Kwa mkono wa Kanisa,
Chechelesi,
Isiolo.
14 Oktoba 1984

Mpendwa dada yangu mdogo Akuam,

Ejok? Mimi kaka yako Ekeno nakusalimu wewe kwanza, halafu nawasalimu wote wanaolala katika boma yako huko Lodwar. Miguu yako inaendeleaje? Mwaka juzi dereva mmoja wa lori aliniambia sasa unatembea na fimbo. Nilimkatalia. Wewe ndiye mtu peke yake aliyewahi kunishinda mbio, sasa fimbo ya nini. Macho je, bado yanaona mbali? Na mvua imewafikia, ama na nyinyi mnaangalia juu tu kama sisi?

Mimi afya yangu ni chuma. Meno ninayo karibu yote, ni goti moja tu linanisumbua, lile la Burma. Usishangae mwandiko. Hii barua ni mkono wangu mwenyewe, sikuomba mtu. Nilisoma gumbaru hapa kanisani, na mwalimu alisema katika wazee wote hakuna aliyeshika herufi haraka kama mimi. Wenzangu walifika M wakarudi kwa busaa. Mimi nilimaliza. Ukiona herufi zingine zimelala ubavu, hiyo ni meza, si mimi.

Sasa habari zetu. Mbuzi zimeisha. Ekai alizipeleka mpaka Kipsing kutafuta majani, akarudi na ngozi juu ya punda, na punda mwenyewe akafa hapa mlangoni kabla hatujamshusha mzigo. Mama Ekai tulimzika mwaka jana karibu na Krismasi, nafikiri hiyo ilikufikia. Kwa hivyo katika hii nyumba tumebaki mimi, Ekai mwanangu, na mke wake Nakal. Na mtoto.

Mtoto ndiye amenikalisha chini niandike. Nakal amejifungua msichana, kabla ya miezi yake kutimia. Yule aliyetangulia hakukaa, unajua, na wa kabla yake hakukaa. Huyu ni mdogo, Akuam. Nilimweka ndani ya kofia yangu ya jeshi na nafasi ikabaki. Daktari alimwangalia vizuri, akasema hana ugonjwa wa kutibu kwa dawa, ni nguvu tu hana, apate joto ya mama.

Shida ni moja. Hanyonyi.

Sasa wewe unajua vile sisi tunafanya. Mtoto anawekwa kwa titi, wamama wanaita majina ya watu wetu waliokwenda, moja moja, bila haraka, na lile jina ambalo mtoto atakamata na kuvuta, basi ndilo lake, huyo mtu ndiye amempokea. Mama alikuwa anasema wewe ulivuta kabla Akuam haijamaliza kutoka mdomoni. Mimi niliwakatalia majina siku nzima mpaka wakafika Ekeno. Hata wakati huo nilikuwa najua ninachotaka.

Aliyeita hapa ni Mama Eregae, mzee wa mlango wa pili, ni wa kwetu. Alianza na Nayece, yule mama wa zamani sana, ambaye vijana walifuata nyayo za dume lao la ng'ombe mpaka wakamkuta anaokota matunda, ndipo watu wetu wakaanza. Hilo jina huwa halikosi. Mtoto akalala tu. Akaita mama yetu. Akaita shangazi zetu wote, hata yule mkali wa Kerio. Akaita mama Ekai, na hapo mimi nilitoka nje kidogo. Niliporudi mdomo ulikuwa bado umefungwa, titi iko hapo juu ya mdomo, maziwa inajitokea yenyewe. Mama Eregae akanifuata mlangoni akaniambia pole pole, "Ekeno, watu wenu wameisha."

Hiyo maneno ilinichoma. Watu wetu wanaishaje? Nikaingia ndani nikakaa katikati ya wamama. Najua unacheka, mwanaume hakai pale. Mama Eregae akasema, "Kumbe ni wewe utanyonyesha?" Wakacheka wote, hata Nakal akacheka kidogo na ile hali yake. Nikawaambia chekeni, lakini nyinyi mmeita majina ya kutoka Turkwel mpaka hapa. Mimi nimetembea dunia. Hakuna mzee Isiolo hii, wala Merti, wala Garba Tula, ana majina kama yangu.

Na ni kweli. Wewe hujui haya kwa sababu hukuwahi kukaa na mimi nikiwa nimetoka vitani. Kule Nanyuki tulipokuwa tunalinda mateka, kulikuwa na Mtaliano mmoja fundi wa mawe. Alinipenda kwa sababu askari wote pale hakuna aliyeshika Kitaliano chake isipokuwa mimi. Alikuwa anachonga jiwe na kunisimulia miungu ya wazee wao wa zamani, kabla padri hajawafikia. Majina yale niliyaweka. Nilisema nitazaa wasichana niwape. Mungu akanipa Ekai peke yake.

Kwa hivyo nikaanza na Minerva. Huyo hakuzaliwa na mwanamke. Alitoka ndani ya kichwa cha baba yake, tayari mtu mzima, mkuki mkononi na ngao. Mimi nilifikiri hilo ndilo jina la mtoto asiye na nguvu, jina la mtu aliyekuja duniani amekwisha jifunga mshipi. Niliita polepole na nikawaeleza hadithi yote. Nakal akanitazama akasema, "Baba, huyo hakunyonya hata siku moja. Atamfundisha nini huyu?"

Unaona mke wa Ekai alivyo na akili, na amechoka hivyo.

Nikaita Diana, msichana wa msitu na mbwa zake, hakosi mnyama. Hakuna. Nikaita Juno, mama mkubwa wa wale wote, ambaye kazi yake ni kushika mkono wa wanawake wakijifungua. Abiba wetu, huyu Mborana tunayechota maji pamoja naye, alikuwa amekuja na maziwa kidogo ya ngamia kwa ajili ya Nakal, sijui aliipata wapi wakati huu. Akasema, "Lakini mzee, Juno si alikuwa mbwa wa yule Mzungu wa shamba kule Timau?" Nikamwambia ndiyo, mbwa aliazima tu. Wakati tunabishana mtoto akafungua mdomo. Akuam, wote tuliinama juu yake. Ilikuwa ni kupiga miayo.

Abiba ni mtu mzuri. Alisema wao Waislamu mtoto husomewa adhana kwa sikio, lakini kwa vile sisi tunaita, basi na yeye atatupa mtu wao wa zamani. Akatupa Akko Manoye. Huyo mwanamke alitawala wanaume akawaamuru wamjengee nyumba hewani, isiguse chini wala juu. Nilimpenda huyo mara moja. Niliita mimi, akaita Abiba mwenyewe, kwa sauti ya kwao. Mtoto akasogeza mkono tu.

Kuna jina moja sikuita. Burma, katika ile mvua isiyoisha, tulikaa na Wahindi wenye kazi ya nyumbu wa kubeba mizigo, na mmoja wao alikuwa anatueleza habari za Sita. Mfalme alikuwa analima, akamkuta mtoto ndani ya mtaro wa jembe, hana mama, mama yake ni udongo. Akakua akawa mke wa mkubwa, akaibiwa, akarudi, akapata taabu nyingi. Hilo nalipenda kuliko yote niliyobeba kutoka nchi za watu. Nilikwisha kufungua mdomo. Halafu nikakumbuka mwisho wa ile hadithi, kwamba Sita alipochoka aliomba, udongo ukafunguka ukamchukua tena. Nikafunga mdomo. Mama Eregae akaniuliza, "Umeishiwa?" Nikasema ndiyo, nimeishiwa. Mimi, Ekeno, nilisema hivyo mbele ya wanawake.

Tangu siku hiyo tunaita kila asubuhi, na kila alasiri jua likipungua. Tunarudia. Tumeita hata wake za ndugu zetu. Padri amekuja akambatiza Maria, akamwaga maji kidogo sana kwa ajili ya baridi. Mimi sikukataa, Maria ni jina kubwa, na mbinguni atajulikana kwa hilo. Lakini aliitwa Maria na mdomo ukabaki hivyo hivyo.

Kuna msichana wa Meru, Kinanu, ni nesi, amepanga hapa nyuma. Anapita kila akitoka kazi. Ananiambia, "Mzee, si jina. Mtoto wa kabla ya wakati hana nguvu ya kuvuta. Kamueni maziwa, mpeni kwa kijiko, na mama amweke kifuani." Tunafanya. Usifikiri nimekataa kijiko. Nakal anakamua, mimi ndiye nashika kijiko, kwa sababu mkono wangu hautetemeki. Matone machache yanaingia, mengine yanarudi kwa shavu. Lakini kijiko hakiulizi mtu ni nani. Mtoto akipewa kwa kijiko anakuwa kama mgeni, anapewa kwa sababu amefika.

Mwanzoni Kinanu alikuwa ananiambia leo afadhali, leo ameongeza. Jana alimshika, akamgeuza kwa mwangaza wa mlango, akamrudisha kwa mama yake, akaaga. Na huyo ni mtu wa maneno mengi.

Ekai anakaa nje, mgongo kwa mabati. Haingii. Jana aliniambia, "Baba, mwache apumzike." Nikamwambia mimi sijazoea kuacha. Akasema anajua. Hatujasemezana tena.

Sasa sikiliza vizuri, hii ndiyo sababu ya barua. Kuna mtu wetu mmoja ambaye hakuna aliyemwita, kwa sababu hapa hakuna anayejua jina lake. Ni Ata, mama ya baba. Baba alipotuchukua tukatembea mpaka Isiolo, wewe ulibaki naye kule Turkwel. Ulilala katika ngozi yake mpaka ukaolewa, na wewe ndiye ulimfunga macho. Mimi kwangu alikuwa Ata tu. Watu wa boma walimwita Mama Lokorio kwa ajili ya baba. Baba mwenyewe sikumsikia hata siku moja akitaja jina la mama yake, na mimi sikuuliza, nani anauliza jina la bibi yake. Nilijaribu kumwita Mama Lokorio kwa mtoto. Nilijaribu Ata. Nilifikiri aligeuza kichwa. Mama Eregae akasema hapana, hilo si jina, kila bibi ni Ata, mtoto ataenda kwa nani.

Yule mama alizaa wakati wa njaa ya nzige na akalea wote. Kama kuna mtu anajua kushika mtoto wa saizi hii, ni yeye. Basi niandikie jina lake. Jina la kuzaliwa, lile mama yake alimwitia kwa titi. Usimpe dereva mdomoni, madereva hawabebi kitu kikafika. Andikisha mtu, uniletee kwa mkono wa mapadri.

Najua njia, Akuam. Kutoka hapa barua inashuka Nairobi, inapanda Kitale, inangoja lori, lori inangoja mto upungue au dizeli ije. Halafu jibu lako lizunguke hivyo tena. Mimi si mtoto na si mjinga. Nimeona watu wakienda, wenye vifua vipana, na najua pumzi inavyokuwa ikianza kuhesabiwa. Huyu wetu hatangoja posta. Ninaandika nikijua.

Kwa hivyo ukisikia kwa watu wanaopita kwamba yule mtoto wa Ekai hakukaa, usiseme basi, hakuna haja tena. Andika vile vile. Nitaenda na hilo jina pale tutakapokuwa tumemlaza, nitaliita kwa sauti yangu, na unajua sauti yangu. Sitaki alale kama mgeni.

Nisalimie shemeji Ekal na umwambie bado namzidi nguvu. Nisalimie Nakiru na watoto wake, na yule mzee Lomosia kama bado yuko. Nakal anakusalimu, anasema anakujua kwa hadithi zangu na anajua nimezipunguza mahali ulinishinda. Ekai angekusalimu. Mungu wetu Akuj akupe maji karibu na mlango, na majani, na mtu wa kukushika mkono kwenye mteremko.

Jambo moja la mwisho. Wewe pia sasa ni mzee, na miaka ni mingi. Kama ukikaa ukitafuta hilo jina na usilipate, usiniandikie kwamba umesahau. Niandikie jina la mwanamke yeyote uliyempenda. Mimi sitajua tofauti, na mtoto atakuwa na mtu wa kumpokea.

Ni mimi kaka yako, ambaye hajaacha kukupenda tangu Turkwel,
Ekeno Lokorio