Mama Mkwe, Jana Sikukutazama

Mpendwa Mama,

Hata maneno hayo mawili yamenitoa jasho. Tangu nimwoe binti yako Nasimiyu sijawahi kukuita kitu chochote, si mama, si mkwe, si wewe. Nilipotaka kukusalimu nilituma mtu, na ulipotaka kunijibu ulituma mtu. Kwetu sisi watu wa Bungoma, mtu na mama mkwe wake hukaa mbali, hawatazamani, hawagusani, hawanywi kikombe kimoja, na mimi na wewe tuliishika haya hiyo mpaka watu wakatusifu kanisani. Leo nimechukua kalamu kwa sababu kwenye karatasi hakuna kutazamana.

Niko nyuma ya nyumba yetu hapa Matisi, pembeni mwa Kitale, napakia vitu kwenye pikapu. Kesho asubuhi nakutoa hospitali ya Kitale nikupeleke kwako, upande wa pili wa Bungoma, ukazikwe karibu na mzee. Mvua imenyesha wiki nzima, na ile barabara unaijua. Nimeweka jeki, gurudumu la akiba, pampu, viraka na gundi yake, jembe, minyororo ya kufunga magurudumu kwenye tope, debe la maji, kamba, na kipande cha sabuni cha kuzibia tangi likitoboka. Mikanda ya feni nimeweka miwili, na wa tatu nimeuvaa shingoni. Jirani amepita akacheka, "Bana, wewe unaenda mazishi ama unaenda vita?" Nimeendelea kupakia.

Acha niseme lile linalonichoma, nisije nikalizunguka hadi karatasi iishe. Jana mhudumu wa chumba cha maiti alitaka mtu wa nyumbani aingie aseme kama ni wewe. Nasimiyu alikuwa hawezi hata kusimama, kwa hiyo nikaingia mimi. Mle ndani kulikuwa na wengine waliolala kama wewe, wamefunikwa mablanketi ya aina moja. Mhudumu akafunua moja akaniuliza, "Ni huyu?" Macho yangu yalikuwa kwenye sakafu ya simiti. Nikasema, "Ndiye." Nikatoka nje kabla hajafunika. Sikutazama, Mama. Kwa hiyo hapa nilipo nafunga kamba na sijui kesho nitambeba nani. Nikifika kwako na mama wa watu wengine, mbele ya ukoo wako wote, nitaiweka wapi sura yangu? Na Nasimiyu, anayelia ndani ya nyumba akijua mama yake yuko salama mikononi mwangu, nitamwambia nini? Naona haya, na fundo nililolifunga sasa hivi limefunguka lenyewe.

Utaniuliza iweje mtu mzima aogope uso. Lakini wewe ndiye usiyehitaji kuuliza, maana siku ile ya gari tulikuwa wote.

Ilikuwa mvua za mwezi wa nne, kama hizi. Nasimiyu alikuwa amejifungua Nafula hapo hospitalini, na damu ikakataa kukoma. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake. Daktari alinivuta pembeni akasema kama huyo mama yuko, aje leo. Nikaendesha hadi kwako kama kichaa. Ulitoka nyumbani umejifunika leso mpaka puani, na kikapu mkononi, ndani yake kuku hai wa kumtengenezea mzazi mchuzi. Ukasimama mbali, umenipa mgongo, ukingoja nitayarishe gari.

Jeshini, wakati wa vita, walitufundisha kupakia vifaa vya kuharibikiwa njiani. Kila kitu mahali pake, chini ya kiti cha abiria, mkono ukifike hata gizani. Ndivyo nilivyokuwa nimeweka. Lakini nilipokitazama kiti kile nikaona balaa. Tukiharibikiwa, mimi nitamwambia mama mkwe ainuke ili niingize mkono pale alipokalia? Afadhali nife. Nikatoa kila kitu, nikakipanga upya ndani ya gunia huko nyuma. Mkanda wa feni wa akiba nikauning'iniza kwa muda kwenye nguzo ya ua wako. Halafu nikaenda kutundika shuka kati ya kiti changu na chako, nikalivuta huku na huku lisiache hata upenyo wa jicho. Nikaweka maji yako kwenye birika na yangu kwenye chupa. Nililishughulikia shuka lile kwa makini kuliko nilivyowahi kuishughulikia injini yoyote. Mkanda ukabaki kwenye nguzo.

Tulipita Kimilili vizuri, tukavuka daraja la Kamukuywa, nawe upande wa pili wa shuka hukukohoa hata mara moja. Kabla ya Kiminini, katikati ya mahindi ya wazungu yasiyo na mwisho wala mtu, nikasikia kitu kikichapa chini ya boneti, kisha mvuke ukafunika kioo chote. Mkanda ulikuwa umekatika. Nikamwaga gunia lote kwenye matope nikitafuta wa akiba, na nilipokumbuka ulipo, nikakaa chini palepale. Nilijua Nasimiyu ananingoja, na nilijua nimemfungia njia kwa sababu ya shuka. Nililia, Mama. Nadhani ulisikia, kwa sababu ulishuka.

Hukusema nami. Ulisema na kuku.

"Kuku," ukasema, umetazama mahindi, "uliza huyo mutu, gari imekufa?"

Nami nikamgeukia kuku. "Kuku, mwambie haijakufa. Mukanda ndiyo imekatika."

"Si aweke ingine?"

"Kuku, mwambie ingine imebaki kwake. Kwa ua."

Ukamwinamia kuku. "Ati alienda vita ya wazungu akarudi muzima, na hawezi kumbuka mukanda?"

Mpaka leo sijui kama ulikuwa umekasirika au ulikuwa unanicheka. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka kucheka, na kucheka mbele ya mama mkwe ni aibu nyingine. Nikajaribu kamba, ikawa nene, ikateleza. Nikapasua shuka letu, nikalisokota vizuri, likazunguka kidogo tu likatoa moshi likakatika. Sasa hakukuwa na kitu kati yetu, wala kitu kwenye injini.

Ndipo nilipoona mshipi wako umewekwa juu ya bati linalofunika gurudumu la mbele. Ule mshipi wa kitambaa kigumu uliokuwa ukijifunga kiunoni. Wewe ulikuwa tayari umenipa mgongo, umeishika sketi kwa mkono mmoja. "Kuku," ukasema, "mwambie afunge, asiulize."

Nilifunga. Mshipi wa kiuno cha mama mkwe wangu nikaufunga kwenye feni, kwa vidole hivi. Hata sasa nikivitazama vidole natamani kuvificha. Lakini haikutosha. Ili mkanda ukazike, mtu mmoja lazima asukume dainamo kwa mtaimbo huku mwingine akikaza nati. Jambo hilo halifanyiki kwa mikono miwili, nilijaribu mpaka nikachubuka vidole. Mwisho nikamwambia kuku, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba nahitaji mtu wa kushika chuma.

Ulifunga fundo kwenye sketi, ukaja. Ukainama upande wako wa boneti, mimi upande wangu, vichwa vyetu chini ya bati moja, karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yako. Uso umeugeuzia mahindi, mimi wangu nimeuficha nyuma ya rejeta. "Asukume," nikamwambia kuku. Ukasukuma. "Zaidi." Ukasukuma zaidi, na kumbe ulikuwa na nguvu kunishinda. Nati ikakazika. Ukachukua maji ya birika lako, yale niliyoyatenga kwa heshima nyingi, ukayamimina yote kwenye rejeta mwenyewe, kisha ukapanda ukakaa.

Tuliingia Kitale polepole, ubavu kwa ubavu, hakuna shuka, kila mtu ametazama dirisha lake. Sijui niliendeshaje, mtu asiyetazama mbele. Ulishuka hospitalini kabla gari halijasimama sawasawa. Uliposhika mkono wa Nasimiyu, alifungua macho, na aliyesimulia hayo ni yeye, kwa kuwa mimi nilibaki nje kwenye nyasi. Akaishi. Nafula akaishi. Nasimiyu akanywa mchuzi wa yule mjumbe wetu, Mungu atusamehe, nami nilipoletewa kipaja nilishindwa kukila.

Nilidhani baada ya siku ile kitu kitabadilika. Wazee walikaa, wakasema tumevunja heshima kwa kulazimika, wakataka nitume blanketi kwako nawe utume kitu kwangu, mambo yakaisha. Ulinitumia mtama. Kisha tukarudi kulekule. Nilipokuja kwako na Nafula mgongoni mwa mama yake, ulikatisha njia ukaingia kwenye migomba. Nilipokuona soko la Ndalu nilijificha nyuma ya magunia ya watu, mzee mzima, wanawake wakanizomea. Nilitaka kukushukuru. Kila mara nilisema safari ijayo nitatuma neno zuri, na neno lenyewe sikulipata, kwa kuwa utamtuma mtu akaseme nini? Asante kwa mshipi?

Na ulipougua ukaletwa hospitali ya Kitale, kila siku nilikuja na uji kwenye chupa. Nilimpa Nasimiyu mlangoni, nikasimama nje karibu na dirisha. Akaniambia ulikuwa ukiuliza, "Ule mutu wa uji amekula?" Ukijua nipo, ukajifunika. Hata kufa umekufa umenistahi, nami nilipoitwa kukutendea jambo moja tu la mwisho, kukutazama niseme ndiye, nikatazama viatu.

*

Niliacha kuandika hapo. Jua lilikuwa bado lipo, nikaona nikikaa na kalamu nitapata sababu ya kutokwenda. Nimerudi sasa hivi.

Mhudumu alikuwa yuleyule. "Si wewe ulikuja jana?" akaniuliza.

"Ni mimi. Sikuona vizuri."

"Macho yako iko na shida?"

"Iko."

Akanitazama kama anayetaka kucheka, kisha nadhani akaona jinsi nilivyokuwa, akachukua funguo. Akanipeleka kwenye blanketi lile la jana. Nikavua kofia. Sikujua niiweke wapi, nikaishika kifuani. Nilikuwa na hofu mbili, Mama, na nitakwambia zote. Ya kwanza, kwamba si wewe. Ya pili, kwamba hata ukiwa wewe sitajua, kwa sababu mtu ambaye hukuwahi kuuona uso wake utamtambuaje? Nilikuwa nimejiandaa kumwona mgeni.

Akafunua, nami nikatazama.

Nilimwona Nasimiyu. Paji lilelile pana, nyusi zilezile zinazokaribiana, mdomo uleule uliojikaza upande mmoja, jinsi anavyofanya anapotaka kunicheka na hataki nijue. Ni Nasimiyu aliyezeeka, aliyepumzika. Miaka yote hii nimekuwa nikijificha nyuma ya magunia ya watu kuukimbia uso ambao kila asubuhi unanimiminia chai.

"Ni huyu?" mhudumu akauliza.

Safari hii macho yangu hayakwenda sakafuni. Nilikutazama mpaka akakohoa.

Kesho tutaondoka mapema, barabara ikiwa bado haijakanyagwa. Nitaendesha taratibu. Pumzika sasa, Mama.

Mkweo,
Baba Nafula