Injini Iliyojifunga Yenyewe

Jumatatu, 29 Septemba 1975

Hamisi yuko pampuni tangu alfajiri, kama kawaida. Amefunga. Nami nimefunga. Jua la huku halina adabu, halijui Ramadhani.

Ng'ombe wa kijiji kizima wananywa hapa. Watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa waliviacha visima vyao huko walikotoka, wakaahidiwa pampu. Mume wangu ndiye anayeiendesha. Fundi baiskeli wa Tabora mjini, leo bwana maji. Maajabu.

Kesho ni siku ya ufunguo. Mzungu aliyeileta injini aliiweka kwa majaribio, akaipachika kisanduku chenye saa ndani. Muda ukiisha, kisanduku kinakata dizeli chenyewe. Dawa yake ni ufunguo mpya aliomwachia Hamisi, uingizwe siku hiyohiyo, "kabla ya saa kumi na mbili". Alisema hivyo kwa Kiswahili chake. Ukiwahi, haushiki. Ukichelewa, mpaka aje mwenyewe. Upuuzi mtupu. Injini nzima, haina ugonjwa, inauawa na kalenda.

Jumanne, 30 Septemba

Imezimika adhuhuri.

Hamisi alipanga kuingiza ufunguo alasiri, ng'ombe wakishanywa. Ufunguo hauingii injini ikiwaka, na kuisimamisha asubuhi na kundi lote lile ni kutafuta ugomvi. Alipoona imezima akauingiza mbiombio. Haukushika. Nikatazama saa yake ya mkononi: mishale yote miwili juu, kwenye kumi na mbili. Saa sita yetu! Mzungu kajifunza maneno, saa zetu hakujifunza. Nilicheka kwa hasira. Hamisi hakucheka.

Mwenyekiti wa kijiji amedandia lori kwenda Igunga kupiga simu.

Jumatano, 1 Oktoba

Tangi tupu. Mwenyekiti karudi: Mzungu yuko safarini, labda wiki ijayo.

Wanawake tunachimba mchanga mtoni. Maji yanatoka kwa kikombe. Leo jirani yangu Nkwimba kampasua mwenzake kichwa kwa sufuria. Damu ikatiririkia shimoni. Tukachota hivyohivyo. Mimi nilimng'ata mtu mkono. Sijutii.

Wanasema Hamisi kafunga maji makusudi. Mtu wa kuja, tena ufunguo anao mfukoni. Nani atamsikiliza habari za saa?

Alhamisi, 2 Oktoba

Ndama wa Masanja wamekufa. Hapa hakuna mwenye kundi kubwa kumshinda. Mwezi huu amekuwa akija kula futari kwetu ingawa hafungi, tukamtania kwamba swaumu yake ni ya jioni tu.

Leo kaja na vijana wenye fimbo. Wamevunja mlango. Wamevunja mtungi. Wamempiga Hamisi mbavuni mpaka katema damu. Nilichukua mchi nikampiga mmoja gotini, nikasikia mfupa. Vizuri.

Nikamwambia Hamisi awaachie wakakivunje hicho kisanduku. Anasema ni mali ya Serikali, atakayefungwa ni yeye. Mpumbavu. Mpumbavu wangu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Baada ya sala Hamisi alirudi pampuni kulinda. Nilimfuata. Masanja akaja na shoka, ng'ombe nyuma yake wanalia. Hamisi akasimama mbele ya kisanduku.

"Shemeji, mwondoe mumeo," Masanja aliniambia. "Nakuomba, shemeji."

Nilimvuta kanzu. Ikachanika. Hakusogea.

Pigo la kwanza lilimpata Hamisi shingoni. La pili lilipata kisanduku. Kiling'oka, saa na misumari chini. Mtu akazungusha hendeli. Ikawaka. Mara moja tu, ikawaka! Maji yakatoka, wote wakakimbilia birikani, watu na ng'ombe pamoja. Walimruka Hamisi. Wengine walimkanyaga. Nilipiga mayowe, nani asikie na injini inaunguruma? Masanja naye alikunywa. Nilimwona kwa macho yangu.

Hamisi amekufa kabla ya futari. Nakichukia kijiji hiki. Watu wake, mifugo yake, yote.

Jumamosi, 4 Oktoba

Polisi wamemchukua Masanja. Hakubisha.

Shehe amefika kutoka Igunga na wenzake wawili. Akaomba maji ya kumwosha maiti. Nikasema atumie yoyote, ila si ya pampu. Akaniuliza kwa upole mengine yako wapi. Mchangani kumekauka.

Nkwimba akaja na ndoo kichwani, akaitua mlangoni. Wakafuata wengine. Mwisho akaja mke wa Masanja. Alisimama mbali na ndoo yake, kaishika kwa mikono miwili. Watu wote wakanitazama. Nikamwita ailete.

Wamemwosha vizuri. Amezikwa baada ya adhuhuri.

Maji hayakwisha yote. Imebaki ndoo moja, ya mke wa Masanja. Magharibi ilipoingia nilifuturu kwa maji yake. Nilikuwa na kiu.