Chombo cha Mfalme, Chai ya Sir

Jumamosi, 8 Novemba 2014

Leo dukani kumeletwa mfalme. Si mtu — chombo cha maua cha Kichina, rangi ya kipande cha sabuni ya kufulia kilichosahauliwa majini. Sir, mwenye duka, alikibeba mwenyewe kutoka kwenye gari. Tangu nianze kusafisha duka hili la vitu vya kale hapa Al Rigga, Dubai, sijawahi kumwona sir akibeba kitu! Kimetandikiwa mto wa mahameli. Mimi nikiomba kiti naambiwa wateja wataniona mvivu.

Kina mistari ya kahawia kote, myembamba, kama wavu. Sir aliwaeleza wageni kuwa ufundi uko hapo. Moto wa tanuri unanyimwa hewa mpaka rangi inageuka kijani, kikipoa ngozi yake inapasuka yenyewe, halafu uzee ndio unaotia kahawia ndani ya nyufa. Miaka mia nane! Tena kilichotoka na kasoro kilivunjwa palepale, raia asije akakitumia. Raia ndio mimi. Nikaendelea kupiga deki.

Jumatatu, 10 Novemba

Alikuja Bi Hilwa, mama mtu mzima wa Kizanzibari, aliyeishi Dubai miaka na miaka. Alinisalimia kabla ya sir! Akaniita mwanangu, akauliza kwetu ni wapi. Kisii, nikasema. Naye akasema nyumbani kwa bibi yake Unguja kulikuwa na chombo kama hiki. Walipohama kilibaki, hakikuonekana tena. Alikigusa kwa ncha za vidole. Sir akamwapia kuwa hiki ni cha mfalme kweli. Alhamisi Bi Hilwa anakuja kukilipia na kukichukua.

Jumanne, 11 Novemba

Nimeharibu. Au sijaharibu — sijui!

Msellem, muuzaji wetu, naye asili yake Unguja, aliniambia kabla hajaenda kuswali: kosha vyombo vyote vilivyo mezani kule nyuma. Mezani kulikuwa na vikombe vya kahawa na yule mfalme, ametolewa apigwe picha. Sasa mimi ningejuaje? Vyombo ni vyombo, na Msellem huyohuyo ndiye anayekiita "chombo" siku nzima. Nikaiona ile mistari ya kahawia, nikamkumbuka mama. Mama akikutembelea hakai kabla hajachungulia ndani ya vikombe vyako. Akikuta alama za chai, umeaibisha ukoo. Nikaloweka vyote kwenye maji moto na Jik, ile dawa ya kutoa madoa.

Mistari ikatoka. Maji yakawa ya kahawia.

Sir alinifokea hadi wateja wakaondoka. Eti nimeua miaka mia nane. Visa yangu inafutwa, khalas, narudishwa nyumbani. Nililia chooni, na si kwa hofu, ni hasira. Nilifanya nilichoambiwa!

Jumatano, 12 Novemba

Jecinta, tunayelala naye chumba kimoja mtaa wa Karama, amenishauri nimpigie sir magoti. Sipigi.

Msellem hakunitazama usoni asubuhi yote. Baadaye akaingia stoo, akafunga mlango. "Dada, uzee wa miaka mia nane hautoki kwa Jik. Ile ilikuwa chai, kaipaka sir mwenyewe."

Chai! Nilicheka, kisha nikawaka. Nimeitwa muuaji wa mfalme kwa sababu ya chai, na sir anajua! Nikamuuliza Msellem kama atamwambia Bi Hilwa. Akasema ana watoto shuleni, na kafeel wake, mdhamini wa visa yake, ni sir huyuhuyu. Bi Hilwa ni mtu wa kwao kabisa! Simlaumu. Hapana, namlaumu.

Alhamisi, 13 Novemba

Sir amekuja mapema, anatabasamu. Ameniletea birika la chai nzito na brashi ndogo. Nirudishe mistari kabla Bi Hilwa hajafika saa kumi, naye ataisahau ile habari ya visa. Hakuona hata haya! Kwetu mkubwa akitaka chai, unajua anataka hongo. Sijawahi kuona mkubwa anayekuletea chai yeye — na bado ni chai ileile.

Nimepaka upande mmoja. Imeingia kwenye nyufa vizuri sana. Inaniuma kwamba naiweza kazi hii.

Naandika hapa jikoni. Bi Hilwa amefika kabla ya saa! Nasikia sauti yake. Anauliza, "Yule mwanangu wa Kisii yuko wapi?" Ameniletea visheti. Visheti, mimi!

Msellem amegonga. Bi Hilwa anaomba chai ya rangi, na chombo kije.

Birika ni hili moja tu. Upande mmoja wa mfalme una miaka mia nane, mwingine hauna hata wiki. Nimeviweka vyote kwenye trei moja. Sir anaita, yalla, Mercyline. Brashi bado imo ndani ya birika. Sijaitoa.