Poda ya Chloé

Malvern, Johannesburg
27 Januari

Dada yangu mkubwa, yaya wangu mpendwa Mamie,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu Yesu aliyetulinda wote mpaka leo. U hali gani huko Uvira? Na ule mguu uliovimba wakati wa mvua, umepona au bado unaukandakanda kwa maji ya chumvi? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Théodore bado analinda lango kule Turffontein, kwenye uwanja wa mbio za farasi. Mimi bado niko na cherehani yangu barabara ya Jules, na mwezi huu ni sare za shule tu, mpaka vidole vimekuwa vya buluu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimempa Burhani, jirani yetu anayesafiri kuja huko, akuletee mkononi, kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa sauti. Ningeanza kulia, na bando lingeisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Ni habari ya Chloé. Kila Jumapili unaniuliza matokeo ya matriki, ule mtihani wao wa Serikali wa kumaliza sekondari, nami nakujibu bado. Yaya, yalitoka wiki mbili zilizopita. Nisamehe kwa uongo huo kwanza. Kuna mwingine mbele, ni mkubwa zaidi.

Unajua kwetu matokeo ni namba moja tu, ya jumla. Mtoto akipata hamsini kwa mia, poda inafunguliwa, kichwa kinakuwa cheupe, mtaa mzima unaimba. Akipata arobaini na tisa, watu wanaingia ndani kwao na kufunga mlango. Mimi nilishanunua poda tangu Novemba, kopo kubwa, nikaificha nyuma ya vitambaa. Chloé alipoleta karatasi yake nikaitafuta ile namba moja, sikuiona. Kulikuwa na masomo saba, kila somo na namba yake. Basi nikachukua chaki ya kushonea, nikajumlisha yote juu ya meza, nikagawa kwa saba. Arobaini na tisa. Nikafuta, nikarudia. Ikawa ileile.

Yeye alikuwa bado anatabasamu. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba hapa hawajumlishi, nisome mstari wa chini. Nikamjibu asinifundishe kuhesabu, mimi nilizijua hesabu kabla yeye hajazaliwa. Akasema eish, Mama, akaingia chumbani. Théodore alishauri tutafute mtu wa kuuliza. Nikamwambia akalinde farasi wake.

Jumapili nikafanya kile ambacho mpaka leo kinanichoma. Nilisimama mbele ya kanisa zima nikaomba maombi kwa ajili ya binti yangu aliyeanguka mtihani. Wamama wakamzunguka, wakamwekea mikono kichwani, kichwa kilekile kilichotakiwa kuwa na poda. Hakubisha. Alifumba macho akawaacha waombe mpaka wamalize. Tukirudi nyumbani alitangulia mbele yangu, akavuka robot mbili, zile taa za barabarani, bila kugeuka. Tangu siku hiyo akawa ananisalimu kama mteja.

Jumatano akaja Mwalimu Denise, Mkongo mwenzetu wa Lubumbashi anayefundisha shule moja hapa, kuongezewa sketi kiunoni. Nikamsimulia, nikitaka anipe pole. Yeye akataka karatasi, nikaitoa mkobani. Akaisoma, akanitazama, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya sare za watu. Akasema, "Mama Chloé, mmemfanyia mtoto matanga, kumbe yuko arusini."

Akanieleza polepole. Hapa kufaulu kuna ngazi tatu. Ya chini inakupeleka kwenye cheti, ya kati kwenye diploma, ya juu inakufungulia digrii. Jumla ya masomo yote hawana habari nayo. Wanatazama kila somo limefika wapi: manne makubwa yakifika hamsini, na mengine yakikaa salama juu ya mpaka wake, mtoto yuko ngazi ya juu. Chloé anayo manne: Kiingereza, Kizulu, historia, na somo la viumbe. Hesabu imepita kwa kuinama, thelathini na moja, lakini imepita. Na mstari wa chini, ule alioniambia nisome, ndio uliosema hayo yote. Kuna chuo kidogo cha ualimu huko Braamfontein kilichokuwa kinamngoja kwa sharti hilo tu. Nakala ya karatasi alikuwa ameshaipeleka mwenyewe, peke yake, wala hakuniambia.

Nilifunga kibanda mchana huo, nikamwendea nyumbani, nikapiga magoti. Nikamwambia sikumwona yeye kwenye ile arobaini na tisa. Nilijiona mimi. Na nilichomwambia yeye, sasa nakuandikia wewe.

Yaya, mwaka ule wa tisini na sita, nilipokwenda shuleni kutazama orodha ya waliofaulu ukutani, jina langu halikuwapo. Nililitafuta mara tatu, kwa kidole. Nikarudi nikitafuta maneno ya kukuambia, wewe uliyeacha shule darasa la tano ili mimi niendelee. Nikakukuta barabarani na poda mkononi, umeshafungua. Ukanimwagia kabla sijasema neno. Ulikuwa unacheka na kulia, ukawaita majirani, nami nikanyamaza chini ya poda yako. Nikasema moyoni nitakuambia kesho. Miezi miwili baadaye vita ikaingia, na tangu hapo nikawa nasema diploma yangu ya kumaliza sekondari ilipotea vitani. Haikupotea. Haikuwapo. Karibu miaka thelathini umewaambia watu mdogo wako ana diploma, na kila nilipokuombea nimeiruka sehemu hiyo mbele ya Mungu, kana kwamba haoni.

Chloé alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Aliuliza kama wewe unajua. Nikasema hapana. Nikaenda kutoa kopo nyuma ya vitambaa, nikaja nalo. Akanishika mkono, akasema, "Mwambie yeye kwanza, Mama. Akikusamehe, nitakaa chini, umwage yote."

Basi kopo liko hapa juu ya cherehani, halijafunguliwa. Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani nikasahihisha maneno yangu kuhusu mtoto, na Chloé akanipisha nafasi kwenye benchi, karibu naye. Lililobaki ni lako. Masomo yake yanaanza tarehe tisa Februari.

Théodore anakusalimu sana, na Chloé anasema shikamoo, neno hilo analisema vizuri. Wasalimie wote wa nyumbani, na wale wa kanisa wanaonikumbuka.

Burhani atakaa Uvira siku nne tu. Nakuomba unijibu upesi.

Mdogo wako,
Léocadie