Siku Ambayo Trafiki Hakuja

Mwangaluka, mjukuu wangu Kulwa. Hapa Dutwa tunaendelea. Pacha wako Doto amemaliza kuchuma pamba. Mimi ni magoti tu yananisumbua.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini dereva wa basi kama wewe aende hamsini kijijini wakati trafiki hayupo. Nilimkumbuka dada yangu Minza, ambaye hukumkuta.

Lami ilipofika kwetu, tuliona upesi kwamba magari yanapunguza mwendo pale tu anaposimama askari. Basi wote tukawa tunavukia hapo. Hata wachungaji walizungusha ng'ombe wao mpaka kwake. Minza alikuwa akimsalimia kwanza, kisha anavuka bila haraka.

Asubuhi moja askari hakuja. Minza akavukia palepale kwa mazoea, kapu la mchicha kichwani. Dereva naye alikuwa ameshaambiwa na wenzake kwamba njia ni nyeupe, hakuna trafiki.

Watu walimlaumu askari kwa kutokuja. Hata mimi nilimlaumu, miaka mingi. Lakini kibao cha hamsini kilikuwepo, Kulwa. Minza tulimkuta chini yake.

Bibi yako